Waliomtangulia Shija

Melania alinusa maziwa kabla ya kuyanunua, hata kama ng'ombe alikuwa amekamuliwa mbele ya macho yake. Padri akitangaza kuwa misa itaanza saa moja, yeye alifika saa kumi na mbili na nusu, kuhakikisha hawakuanza bila yeye. Pale kijijini walimcheka kwa tabia hiyo. Hata hivyo mtu akiandikiwa dawa ngeni, nyumba ya kwanza kupita ilikuwa ya Melania, aishike ile chupa, aigeuzegeuze kwenye mwanga, kisha aseme kama inafaa kunywewa au la.

Alikuwa mhudumu wa chumba cha eksirei katika hospitali ya misheni, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Runzewe. Aliingia pale mwaka 1961, mjane kijana mwenye binti mmoja, Salvina, akiajiriwa kupiga deki. Sista mmoja mzee alimwona jinsi anavyokagua pembe za chumba hata baada ya kuzisafisha, akamwambia: "Wewe unafaa kuosha filamu." Akamfundisha kazi ya chumba cha giza. Kwa mwaka mzima Melania aliosha filamu bila kuamini kuwa kinachoonekana ni mifupa ya mtu aliyelala pale mezani. Alikuja kuamini siku aliyoanguka na baiskeli. Aliiosha filamu ya mkono wake mwenyewe kwa mkono mmoja uliobaki, akaona ufa pale pale palipokuwa pakimuuma.

Filamu ambayo hakuweza kuisahau ni ya Zipora. Zipora alikuwa mtoto wa miaka miwili, binti wa Mabula. Mabula alikuwa kaka yake Shija, na Shija ndiye aliyemwoa Salvina, kwa hiyo Melania na mama yao akina Mabula, Bibi Nyamizi, walikuwa wakwe. Jicho la kulia la Zipora lilianza kung'aa weupe kama la paka aliyemulikwa, kisha likavimba. Walimleta hospitalini likiwa limekwisha kutoka nje. Melania alipoinua filamu kwenye maji, aliona ndani ya tundu la jicho chembe nyeupe zimetawanyika, kama unga wa udaga, muhogo uliovundikwa na kukaushwa, uliomwagikia nguo nyeusi. Daktari alisema ni saratani. Jicho liliondolewa, lakini ugonjwa ulikwisha kupita nyuma, na mtoto hakuiona Krismasi ya mwaka 1976.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, Salvina akiwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili aliyebatizwa Eustace, alikuja Daktari Herman.

Alikuja na Landrova, sanduku la barafu na karatasi kubwa zilizokunjwa kama ramani. Alikuwa Mngoni wa Songea, mwembamba, mpole, amesomea ng'ambo. Alisema anafanya utafiti wa saratani ya macho ya watoto, na kwamba anataka vitu vitatu kwa kila ukoo uliopata mgonjwa: picha za eksirei, damu kidogo, na majina ya ndugu wote, walio hai na waliokufa. Kwa kuwa hakujua Kisukuma wala Kisumbwa, misheni ilimpa Melania awe mkalimani.

"Picha naelewa," Melania alimwambia siku ya kwanza. "Majina ya waliokufa ya nini? Utawatibu?"

"Nataka kujua kama ugonjwa huu unarithiwa, Mama Salvina."

"Na damu za watu wazima wasioumwa?"

"Hizo pia zitanisaidia kujua hilo hilo."

Mtu mwenye majibu mafupi namna ile, Melania aliwaza, ana mengine marefu ameyaweka pembeni.

Kijijini maneno yalikuwa yamekwisha kuanza. Kile kilikuwa kijiji kipya, watu wamekusanywa pale na operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 kutoka huku na huku, wengine Uyovu, wengine hata kando ya ziwa. Nyumba zilipangwa kwa mistari, lakini jirani hakujua jirani alizika wapi. Katika hali hiyo, mgeni mwenye sindano na sanduku la barafu hakuhitaji kufanya kosa lolote. "Mumiani kaja na gari la serikali safari hii," walisema kwenye pombe. Mzee mmoja alimwuliza Melania hadharani: "Mama, gawio lako ni chupa ngapi?" Watu wakacheka. Melania naye akacheka, lakini njiani alikuwa akijiuliza swali lile lile, bila kicheko.

Mchana mmoja, wakati wa chakula, alirudi kuchukua khanga aliyoisahau chumba cha giza. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umefungwa, taa nyekundu inawaka. Alichungulia kwenye kioo kidogo. Mezani hapakuwa na mgonjwa. Palikuwa na chupa ndogo za damu, zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule, na mashine imeshushwa juu yake. Daktari Herman alikuwa nyuma ya ngao ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, anatazama saa.

Taa ilipozimika, Melania alifungua mlango.

"Daktari, wagonjwa wako leo wamekuwa wafupi."

Daktari aliruka. "Mama Salvina! Umenishtua."

"Nimekushtuaje, kama hakuna ubaya?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha, pengine kwa kuona kwamba hataachwa atoke, akaeleza. Damu ile bado ilikuwa na chembe hai. Ndani ya kila chembe mna nyuzi ndogo sana, ambazo mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mionzi ikizipiga, nyuzi hukatika, na chembe nzuri hujiunga tena. Yeye alitaka kujua kama katika koo zenye saratani hii nyuzi hukatika zaidi, au hushindwa kujiunga. Angezipeleka chupa Dar es Salaam, azioteshe, azitazame kwa darubini.

"Kwa hiyo mnaipiga damu mwone inavyoumia."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na mwenye damu yuko shambani analima, hajui."

"Yeye haumii hata kidogo, mama."

"Umemwambia?"

Daktari alianza kuzipanga upya chupa zake.

"Na yako iko wapi?" Melania aliuliza, akinyoosha kidole kwenye mstari wa chupa.

"Yangu?"

"Damu yako. Au za kwenu Songea hazikatiki?"

Asubuhi iliyofuata Daktari Herman alikunja shati, akaufunga mkono wake mpira, akampa muuguzi sindano mbele ya watu waliokaa kwenye benchi. Chupa yake, yenye jina lake, ililala mezani pamoja na nyingine. Tangu siku hiyo Melania alimweleza kila mtu, kwa lugha yake, kwamba damu itapigwa mionzi na kwa sababu gani. Baadhi walikataa. Waliobaki walinyoosha mikono, wakiwamo watu watano wa ukoo wa Mabula na Shija. Shaka ya Melania ilipungua robo, na robo tatu alizihifadhi.

Siku waliyokwenda kwa Bibi Nyamizi, yeye alikuwa amejiandaa. Alikuwa amefagia, akatoa vigoda, akakaa mwenyewe kwenye ngozi ya ng'ombe, mgongo wima. Mumewe, marehemu Maige, alikuwa mtu wa jicho moja, mchimbaji wa zamani wa mgodi wa Geita. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 ndipo walipohama Nkome, ziwani, wakaja huku kulima. Kila mtu alijua kuwa jicho la Maige lilitolewa na jiwe mgodini.

Daktari alikunjua karatasi yake. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyekufa hupigwa mstari, aliyeugua jicho hupakwa weusi. Hakuna jina linaloandikwa, namba tu.

"Mama Mabula," Melania alitafsiri, "anauliza umezaa wangapi."

"Mimi sihesabu watoto. Wanaohesabiwa ni mbuzi."

"Basi wataje."

"Mabula. Shija. Tereza aliyeolewa Chato. Basi."

"Kuna waliokufa?"

Bibi Nyamizi alimtazama Melania, hakumtazama daktari. "Nimetaja niliowazaa."

Daktari alichora mraba, mraba na duara. Chini ya mraba wa kwanza akachora duara dogo la Zipora, akalipaka weusi. Alipoulizia jicho la Maige, Shija, aliyekuwa amekaa kando, alijibu kwa fahari kuwa baba aliumia mgodini, na daktari akaandika pembeni: ajali. Kwenye gari, akikunja karatasi, alionekana kama aliyetua mzigo.

"Mmoja tu katika ukoo mzima," alisema. "Basi kuna uwezekano mkubwa ulimwangukia Zipora peke yake, haukurithiwa. Mjukuu wako hana haja ya kuangaliwa, Mama Salvina. Furahi."

Melania alifurahi mpaka walipofika kwenye daraja. Hapo akaanza kuitilia shaka furaha yenyewe.

Shija. Tangu Salvina aolewe alikuwa akilitaja jina lile kila siku, kama mtu anavyotaja chumvi. Usukumani kote, mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Mngoni angelijuaje hilo? Lakini jina pia hurithiwa. Wapo akina Shija wengi waliopewa majina ya babu zao, wala hawakutanguliwa na mapacha. Salvina mwenyewe aliwahi kusema: "Ni jina la babu yake, mama." Nani alimwambia Salvina? Bibi Nyamizi.

Usiku wala mchana jina lile halikumtoka. Siku ya tatu, akiwa anakoroga dawa ya filamu, alikumbuka jambo. Mwaka 1975 nyumba ya jirani walizaliwa mapacha, na wanawake wakafanya ngoma ya mabasa, kama mapacha wanavyoitwa kwa Kisukuma. Nje waliimba wote, matusi ya kuchekesha ambayo siku nyingine yangemfanya mtu afukuzwe kanisani. Lakini ndani, alipokuwa mzazi, waliingia wanawake waliowahi kuzaa mapacha tu. Melania alijaribu kuchungulia, akasukumwa kwa kiwiko: "Wewe wa mmoja mmoja, kaa nje!" Na kabla mlango haujafungwa aliona mgongo wa Bibi Nyamizi ukiingia. Alipotoka alikuwa na unga mweupe kwenye paji la uso.

Melania aliiacha filamu ikaiva kupita kiasi, ikawa nyeusi tii. Ilikuwa ya kwanza kumharibikia kwa miaka mingi.

Alimkuta Bibi Nyamizi uani, amepiga magoti mbele ya ungo, anachekecha unga wa udaga. Salvina alikuwa mtoni.

"Mwangaluka, Mama Mabula."

"Mwangaluka. Umekuja bila yule wa kalamu?"

"Nimekuja peke yangu."

"Hapo ndipo pabaya zaidi." Aliendelea kuchekecha. "Sema."

"Ni juu ya Shija. Wakubwa zake."

Chekecheke ilisimama. "Umetumwa na daktari, au umetumwa na ndugu zako? Mnataka kumrudisha Salvina? Semeni tu kwamba mmechoka. Msianze kusema nyumba yetu ina ugonjwa. Tereza ana mabinti watatu Chato. Nani atawaoa?"

"Sijatumwa. Kama ningetaka kumwondoa binti yangu, ningenyamaza, nikamchukua na mjukuu, nikampeleka hospitali kimya kimya. Nimekuja kwako kwa sababu Eustace ni wako pia. Daktari amesema hana haja ya kuangaliwa, kwa sababu ya maneno yako. Kama ni kweli, nitapiga magoti hapa nikuombe radhi. Kama si kweli, weupe ukionekana kwa macho ya watu, tutakuwa tumechelewa kama tulivyochelewa kwa Zipora. Ile filamu niliiosha kwa mikono hii."

Kuku alikuja kudonoa kwenye ungo, wala Bibi Nyamizi hakumfukuza.

"Hao hawatajwi," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wakiondoka hawaliliwi, hawatajwi. Ukiwataja wanarudi kuwachukua wadogo zao. Nina Shija mmoja."

Melania hakuamini jambo hilo, wala hakuamini kuwa si kweli. Alifikiri. Kisha akausogeza ungo katikati yao, akausawazisha unga kwa kiganja mpaka ukawa laini kama karatasi. Kwa kidole akachora kama alivyoona daktari akichora: mraba wa Maige, duara la Nyamizi, mstari unaoshuka, mraba wa Mabula, na mbali kidogo, mraba wa Shija. Katikati akaacha nafasi.

"Usitaje," alisema. "Kwenye karatasi ya daktari pia hakuna majina."

Akajiondoa. Alikwenda kusimama mlangoni, akatazama barabara.

Aliposikia mtu anakohoa, akageuka. Kati ya Mabula na Shija palikuwa na viduara viwili vidogo, vimeshikana kwa juu kama ndizi pacha. Kila kimoja kilikuwa kimebonyezwa kwa dole gumba mpaka sakafu ya ungo ikaonekana, nyeusi.

"Wote wawili?" Melania alinong'ona. "Macho?"

Bibi Nyamizi alitikisa kichwa kukubali. Halafu, polepole, akanyoosha mkono tena, akabonyeza dole gumba katikati ya mraba wa Maige.

"Lakini yeye ni jiwe la mgodini."

"Aliponioa alikuwa na jicho moja. Mgodini alikwenda baadaye. Mtu hupenda kuwa ameumizwa na kazi." Akaushika ungo, akautikisa mara mbili. Michoro yote ikapotea, na yeye akarudi kuchekecha. "Mpeleke mtoto. Mimi sijasema neno."

"Hujasema," Melania alikubali.

Daktari Herman alipoelezwa, alikaa na kalamu mkononi bila kuandika. "Nilikuwa nimekwisha kuifunga familia hii," alisema. Akasahihisha: mraba wa Maige akaupaka weusi, akaongeza viduara viwili. Karatasi ile sasa ilikuwa na weusi juu, katikati na chini. Akaeleza kwamba wengine huubeba ugonjwa bila kuugua, kama Mabula, kisha wakawapa watoto wao.

Eustace alitiwa dawa ya matone kupanua mboni, akafungwa kwenye shuka asichezeshe mikono, akalia kwa hasira kubwa. Picha ya eksirei aliiosha Melania mwenyewe, akaitazama mara tatu. Hakukuwa na chembe hata moja. Alikuwa ameanza kupumua, wakati daktari, aliyeinama na tochi yake ndogo yenye kioo, aliposema: "Kushoto. Kadogo, nyuma kabisa. Eksirei isingeweza kukaona bado. Kulia ni safi."

Salvina alikaa chini sakafuni. Shija alibaki amesimama, ameshika kofia yake.

Daktari akasema kuna njia mbili. Wangeweza kwenda Dar es Salaam, mtoto atibiwe kwa mionzi, na huenda jicho likabaki. Au waende Mwanza, jicho liondolewe, na ugonjwa utoke nalo. "Wazazi wengi huchagua mionzi," aliongeza.

"Subiri," Melania alisema. "Chupa za ukoo huu zilisemaje?"

"Mama Salvina, zile ni chupa tano tu. Hazithibitishi kitu."

"Sikuuliza kama zinathibitisha."

Daktari alitoa mfukoni karatasi ya majibu kutoka Dar es Salaam. "Katika mbili, ya Mabula na ya Shija, nyuzi zilikatika zaidi kuliko zangu. Inawezekana ni bahati mbaya tu. Na huko ng'ambo wameandika juu ya watoto waliookolewa jicho kwa mionzi, halafu baada ya miaka kumi, kumi na tano, saratani nyingine ikaota kwenye mfupa, pale mionzi ilipopita. Si wote."

"Kwa nini hukuanza na hilo?"

"Kwa sababu sina hakika."

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na hakika na jambo lolote," Melania alisema, "na bado nasema."

Mtoto hakuwa wake. Alitoka nje na Bibi Nyamizi, ambaye alikuwa amekuja nyuma yao bila kualikwa na kukaa kwenye benchi la wagonjwa, wakaachwa Shija na Salvina ndani. Benchi lile lilikuwa refu, lakini wakwe wale wawili walikaa karibu karibu. Walikaa mpaka kivuli cha mnara wa kanisa kikafika miguuni mwao.

Shija alitoka macho mekundu. "Mwanza," alisema. "Baba aliishi na jicho moja mpaka akazeeka."

Eustace alirudi na kitambaa usoni. Kila miezi mitatu aliletwa kumulikwa jicho la kulia, na kila mara Melania aliuliza: "Umetazama vizuri? Tazama tena." Daktari Herman, na baadaye wengine waliomfuata, walijifunza kutazama mara mbili kabla hajaomba. Mtoto akafikisha miaka mitatu, mtundu, anafukuza kuku na kuwapata.

Mwaka 1980 Salvina alizaa binti. Siku ya nne, asubuhi, Melania alisikia mlango wa chumba cha eksirei ukigongwa kwa fimbo. Bibi Nyamizi alikuwa amesimama pale, amekuja kwa miguu, kichanga kifuani ndani ya khanga, hakijapewa jina bado.

"Mwangaluka. Wazazi wake niliwaacha wamelala," alisema. "Yuko wapi mwenye tochi?"

"Yupo wodini. Nitamwita."

"Mwite. Na hiyo mashine yenu," akaielekeza fimbo kwenye meza, "isiwashwe mpaka nimeambiwa ni ya nini."

Melania alivuta kiti, akakifuta vumbi ambalo halikuwapo, akamkalisha mkwe wake. Kisha akakipokea kichanga, akakisogeza dirishani, akakiinua kidevu kwenye mwanga. Bibi Nyamizi akasimama tena, akaja kuchungulia juu ya bega lake.